Fedha za Kisu, Tiba ya Mionzi

Sisi wa kamati ya msikiti tumezoea kuchangisha fedha za sanda, za paa na za madrasa. Mwaka jana tulichangisha kwa ajili ya mgongo wa mzee wetu, mvuvi wa Nansio, Ukerewe, aswaliye nasi kila aletapo samaki Mwaloni. Maumivu yalikuwa yamemzuia hata kurukuu. Tangazo la Ijumaa lilisema wazi kuwa ni mchango wa upasuaji, nasi tukaandika hivyo daftarini kwa mkono wetu.

Majibu ya kinyama kilichopimwa yalipotoka, tuliambiwa ni uvimbe wa seli za plazima, maradhi adimu yaitwayo plazimasaitoma. Seli hizo hukaa katika uboho na kutengeneza kinga ya mwili. Zikiharibika huweza kujikusanya mahali pamoja, mara nyingi kwenye pingili ya mgongo. Uboho na damu vilipimwa, ikaonekana haujaenea. Tabibu akasema tiba yake ni mionzi, si kisu.

Familia ilifadhaika, nasi pia. Kwa fikra za wengi wetu, uvimbe uliokatwa ndio uliokwisha, na mionzi ni ya aliyekatiwa tamaa. Kumbe seli hizi ni dhaifu mno mbele ya mionzi. Kipimo cha grei 40 hadi 50, kikigawanywa kidogo kidogo kwa wiki nne au tano, huudhibiti uvimbe pale ulipo kwa wagonjwa walio wengi. Pingili haitumbuliwi kama jipu. Mishipa ya fahamu imepita humo humo. Upasuaji una nafasi yake pale mfupa unapovunjika, au miguu inapokufa ganzi kwa mishipa kubanwa. Hapo daktari wa mifupa hutangulia kuimarisha, mionzi ikafuata. Pingili ya mzee ilikuwa ingali imara.

Tabibu hakuficha na hili: zaidi ya nusu ya wenye uvimbe huu mfupani hupatwa ndani ya miaka 10 na saratani ya uboho, maieloma, hata kama uvimbe wa kwanza umetibika. Kisu nacho hakiondoi hatari hiyo.

Mionzi inapatikana Bugando, hapa hapa Mwanza. Lakini hutolewa dakika chache kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na kwao mzee ni mwendo wa meli. Zikahitajika fedha za chumba cha kupanga, chakula, na mtu wa kumwangalia, wiki tano nzima.

Hapo daftari likatusuta. Watu walitoa kwa ajili ya upasuaji; je, tulipie kodi ya nyumba? Wajumbe wawili walisema tiba ni tiba. Imamu akasema amana ina sharti, na walioliweka wako hai, basi waulizwe. Ijumaa iliyofuata tukaeleza yote, hata lile la miaka 10, kwa idhini ya mzee mwenyewe. Mtu mmoja akadai shilingi 20,000 zake. Tukamrudishia, akatia saini. (Tunakiri kuwa tulimnunia siku mbili, ilhali haki ilikuwa yake.) Waliobaki wakaridhia.

Mzee alimaliza mionzi kabla ya Ramadhani, na tarawehe aliziswali kwenye kiti, safu ya nyuma. Kila baada ya miezi michache hurudi kupimwa damu na mkojo. Daftarini tumefuta neno "upasuaji", tukaandika "matibabu". Nauli ya miadi ijayo bado haijatimia.