Viraka vya Masika

Ukitaka kumchekesha mtu wa Lipangalala, mwambie unashona ili kupunguza msongo wa mawazo. Kwetu kushona ni kazi. Fundi cherehani anakaa barazani kwa sababu ana ada za watoto za kulipa, na ukimwona mama ameshika sindano ujue kuna sare imechanika. Mshono wa kwanza niliofundishwa mimi ulikuwa wa kuziba tundu la chandarua. Nilikua miaka ile ya mradi wa KINET, kati ya 1996 na 2000, vyandarua vyenye dawa vilipokuwa vikiuzwa huku kwetu bonde la Kilombero. Chandarua kilikuwa mali. Kikichanika kinashonwa, hakitupwi. Na kiraka je? Kiraka ni umaskini uliokosa pa kujificha. Hata barabara ikikarabatiwa ovyo tunasema imetiwa viraka.

Basi mwenzenu mpaka leo nimeshona viraka 112.

Masika ya 2024 mto Lumemo ulifurika. Wanaoijua Ifakara wanajua: tuko tambarare, maji hayana haraka ya kuja wala ya kuondoka. Yaliingia kwetu usiku, yakakaa siku tatu. Tulipoteza magunia ya mpunga, magodoro, na sanduku la marehemu mama lililokuwa uvunguni lililowa lote. Ndani yake mlikuwa na vitenge 11. Tulivifua mara tatu. Tope la Lumemo halibembelezeki. Kila kitenge kilibaki na ramani yake ya kahawia.

Mpunga tulipanda tena. Mimi nilibaki na usiku. Mvua ikianza tu kugonga bati, nakaa kitako kitandani, moyo unakwenda mbio, nashusha mguu kupapasa sakafu kama bado ni kavu. Mara nne, mara tano kwa usiku mmoja. Dada yangu mkubwa akaniambia niombe. Niliomba, nikiwa nimeshusha mguu.

Usiku mmoja wa vuli, umeme umekatika kama kawaida yake, niliwasha taa ya sola nikatoa kitenge kimoja cha mama, nikakata pale palipobaki pasafi. Kipande cha ukubwa wa kiganja. Kisha kingine. Nikaviunga kwa mkono, kwa kupiga bandi tu, maana cherehani lingeamsha nyumba nzima.

Dada alipoviona asubuhi hakusema kitu mpaka jioni.

“Nguo za mama umezikata kama madekio?”

“Dada, zilikuwa zinaoza sandukuni.”

“Zingeoza zikiwa nzima.”

Hatukusemeshana karibu wiki mbili. Na alikuwa na hoja. Alice Walker ana hadithi fupi ya mwaka 1973, “Everyday Use”, inayohusu mabinti wawili na mashuka ya viraka yaliyoshonwa na wakubwa wao: Dee anataka kuyatundika, Maggie angeyatumia tu kitandani. Wasomaji wengi tunakimbilia upande wa Maggie, hata kufikiri hatufikiri. Tangu nilipotia mkasi kitenge cha mama, simcheki tena Dee. Kuna watu wanaomboleza kwa kutogusa.

Kuhusu dawa yenyewe, yaani kama inafanya kazi, nitasema ninachokijua mimi. Sindano inataka macho. Huwezi kusikiliza bati na kuhesabu mishono kwa pamoja. Kimoja kitakuponyoka, na kidole kilichochomwa kitakwambia ni kipi. Woga upo, simdanganyi mtu. Bado naenda kupapasa sakafu. Ila siku hizi nasubiri kwanza nimalize ukingo wa kiraka, na mara nyingine nikimaliza mvua imeshapungua. Cherehani halinifai kwa hili. Linakwenda mbio kama moyo wangu.

Baadaye nilisoma habari za Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, ambao baadhi ya mababu zao walichukuliwa kutoka upande wetu huu wa mashariki. Wanawake wao hushona kawandi, shuka la viraka vya nguo kuukuu. Wanaanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, na kwenye pembe huweka vipande vya pembetatu wanavyoviita maua. Wapo wanaotia punje za mchele kabla ya kuziba pale katikati, ili tumbo la shuka lisikae na njaa.

Hilo la mchele nilimsomea dada tukiwa tunapepeta. Alicheka, akaomba nirudie. Kisha akachota mpunga kidogo kwenye ungo, akaufunga kwenye ncha ya khanga yake.

“Usije ukatia mchele wa dukani,” akasema. “Na kile kitenge cha njano, umeshakikata?”

“Bado, dada.”

“Kiweke katikati. Nitakikata mwenyewe.”