Kompyuta yangu nusura ilowe na video ya msanii ndani

Leo naanika yangu. Wengi mnanijua kwa kuhariri video, ila kilichonikuta Januari sijawahi kukisema.

Kuna dada msanii, jina kapuni, alinipa kazi ya video ya wimbo wake. Akalipa nusu, nami nusu hiyo nikalipia kodi. Sasa joto la Dar la Januari mnalijua, na chumba changu hakina silingibodi, ni bati tupu. Kila kazi ikifika katikati, kompyuta inazima. Kuangalia prosesa, digrii 98! Na dada anapiga kila jioni: "Kaka, kazi yangu vipi?"

Jamaa wa Kariakoo akaniuzia seti ya mtumba ya kupoza kwa maji: pampu, radieta ya milimita 360 inayobeba feni tatu, mipira, na kipande cha shaba cha kukalia prosesa. Maji yanapita kwenye shaba, yanabeba joto, yanalipeleka kwenye radieta, feni zinalitoa. Kama gari tu.

Nikataka kumimina maji ya kunywa ya dukani, si masafi bwana? Fundi wa mtaani kwetu akacheka sana. Yale yana madini, yanaacha utando, na baada ya muda unafuga mwani humo ndani. Yanatakiwa maji yaliyoondolewa madini pamoja na dawa yake. Ukisikia maji ya betri ya sheli, soma chupa vizuri maana nyingine ni asidi! Akauliza pia radieta ni ya nini. Ikiwa ya aluminiamu na kule juu ni shaba, aluminiamu inaliwa taratibu. Yangu ilikuwa shaba, bahati tu, sikuwa najua kitu. Na pampu usiiwashe kavu, inakufa.

Halafu akanipa sharti lililonikata maini: umeme uende kwenye pampu peke yake, kila maungio yawekewe tishu, usubiri saa 24. Saa 24! Dada anataka kazi Ijumaa asubuhi na hiyo ni Alhamisi jioni. Nilishika waya wa kuwasha mashine nzima, kweli tena. Nikauachia, nikampigia nikamwambia ukweli. Alinitukana mpaka salio likaisha.

Saa ya tano hivi, tishu moja imelowa. Maungio yaliyo juu kabisa ya kadi ya picha, na chini ya kadi ndipo ilipo diski yenye picha zake zote. Nakala nyingine sina. Nilikaa sakafuni miguu haina nguvu.

Nikakaza, nikaanza kuhesabu upya. Jumamosi usiku nikawasha yote, prosesa ikatulia kwenye digrii 70 na kitu. Msidanganyike lakini, maji hayashuki chini ya joto la chumba, hii siyo friji. Na anayeanza, hela ikiruhusu, chukua ile iliyofungwa kiwandani kabisa, humimini chochote.

Kazi nikaipeleka Jumapili. Dada akakata laki moja ya kuchelewa. Video imetoka, watu wanaipenda, jina langu halipo hata kwa herufi ndogo.

Wadau, hiyo laki niidai au ninyamaze? Shukeni hapo chini.