Kwa Baiskeli Hadi Vuga

Nilitoka Mkata alfajiri, nikashika njia ya Handeni na Korogwe, nia yangu kufika Vuga, mji wa kale wa wafalme wa Kilindi. Marehemu babu yangu, Mzigua halisi, hakuchoka kunikumbusha kuwa Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyeuasisi ufalme ule, alitoka milima ya Nguu, upande wetu. Ndugu zake walimnyima urithi kwa kuwa aliota kwanza meno ya juu.

Kutoka Korogwe hadi Mombo sina la kusimulia ila mkonge. Lakini Mombo ndipo mlima unapoanza, nami nikashuka, nikaikokota baiskeli huku jasho likinipofua. Kisa cha Mbegha nilikuwa nimekisoma katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, nikiwa nimeketi kitini. Mlima nikaupanda kwa kufunua ukurasa. Krapf naye, aliyemwendea Kimweri mwaka 1848, alikwenda kwa miguu. Sasa niliwastahi wote wawili.

Huko Vuga mzee mmoja alinipa maji, akauliza nitokako.

“Mkata, babu.”

“Kumbe Mzigua! Umekuja kumdai Mbegha?”

Nikacheka, nikajibu kwa utani kuwa ndiye wetu hasa.

“Ninyi mlimnyima urithi wa baba yake,” akasema, wala hakucheka. “Sisi tulimpa chakula, tukampa mke, tukampa na nchi.”

Nikainama, nikajifanya nalitazama gurudumu la nyuma, kama halina pancha.