Mashine Isiyo na Mwenyewe

Nilipoajiriwa kutunza kompyuta za chama kimoja cha akiba na mikopo katika kata ya Mawenzi, mjini Moshi, chumba cha seva kilikuwa na baridi ya kuvalia sweta. Kiyoyozi kilitegwa nyuzi 16, na bili ya umeme ilimkosesha mhasibu usingizi. Kabla ya kukigusa nilichukua daftari, nikaandika kila mashine: inafanya kazi gani, inatumia programu gani, nani anaihitaji.

Seva mbili za chini kwenye raki hazikuwa na mwenyewe. Moja ilibeba mfumo wa mishahara ulioachwa zamani. Iliwaka usiku na mchana, ikitoa joto ambalo kiyoyozi kilihangaika kuliondoa. Tena tangu mfumo ule uachwe, hakuna aliyeiwekea viraka vya usalama, nayo ilikaa kwenye mtandao mmoja na kompyuta za makarani wa malipo. Imani niliyofanya nayo kazi miaka yote niliipata pale: mashine ya namna hiyo inakula umeme na inawaachia wezi mlango wazi. Tulihamisha kumbukumbu zake, tukaizima pamoja na mwenzake.

Kisha nikageukia hewa. Seva huvuta hewa kwa mbele na kuitoa nyuma ikiwa ya moto. Raki ikiwa na nafasi tupu, ule moto hupenya na kurudi mbele, seva ikavuta joto lake yenyewe. Fundi bati wa Pasua alinikatia vipande vya kuziba nafasi hizo. Kipimajoto nilikihamisha kutoka ukutani nikakifunga mbele ya raki, hewa inapoingilia. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upoozaji, kinapendekeza nyuzi 18 hadi 27 mahali hapo. Nikapandisha kidogo kidogo hadi 24.

Meneja wetu, mama wa Marangu, alikuja kujionea. “Mwanangu, una hakika hazitaungua?”

“Mama, weka mkono hapa mbele. Sasa weka nyuma.”

Alishika, akatikisa kichwa, akaniruhusu niendelee. Juni na Julai, mawingu yanapoufunika mlima na mji mzima kuvaa makoti, kiyoyozi kilikuwa kinapumzika saa nyingi.

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani, hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Vilipitia njia ya zamani ya kushirikishana mafaili katika Windows, na kiraka chake Microsoft walikuwa wamekitoa tangu Machi. Daftari lilinionyesha papo hapo kompyuta za kuanza nazo. Wikiendi ile nilizipitia moja moja, nikahakikisha kiraka kimeingia na njia ile imefungwa. Jumatatu wanachama walihudumiwa kama kawaida.

Siku hizi naambiwa tupeleke kila kitu kwenye wingu, tuachane na raki. Sikubali moja kwa moja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Kwa kuwa leja ilikuwa ndani ya jengo letu, akina mama wa sokoni waliendelea kutoa fedha zao. Nakala rudufu ndiyo ninayoitaka mbali, tena ikiwa imesimbwa kwa njia fiche, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatudai tuzilinde taarifa za wanachama popote zilipo.

Kila baada ya miezi mitatu tunairejesha nakala hiyo kwenye mashine ya majaribio. Karani anasoma salio kwenye vitabu vya wanachama, mimi natazama skrini. Tusipolingana hata kwa shilingi, hakuna anayekwenda nyumbani mpaka tujue tofauti imetoka wapi.