Wimbo, Jina na Kufuli: Uteuzi wa Programu ya Muziki katika Tarakilishi ya Nyumbani

Uteuzi wa programu ya kuchezea muziki katika tarakilishi ya nyumbani ni suala ambalo aghalabu halipewi uzito wowote. Watu wazima huwaachia vijana, nao vijana huamua kwa kutazama rangi za vitufe. Katika nyumba nyingi, kwa hakika, hapakuwa na uteuzi hata kidogo: mashine ilinunuliwa programu ikiwa imo ndani, ikatumika. Iwapo nyimbo zenyewe ni za msimu, huenda hasara isiwe kubwa. Lakini kusini mwa Nyanza, kuanzia Homa Bay iliyoko ufuoni mwa Ghuba ya Winam hadi Migori iliyo karibu na mpaka wa Tanzania, nyimbo nyingi zilizoingizwa katika tarakilishi za kwanza za nyumbani hazikuwa za msimu. Zilikuwa benga, na benga hubeba majina ya watu.

Asiyeujua muziki huu hana budi kuelezwa. Waluo wana desturi iitwayo pakruok, yaani kujisifu au kumsifu mwenzio kwa majina ya kupanga, mbele ya hadhara, huku ala zikipigwa. Desturi hiyo ilikuwapo tangu enzi za nyatiti, nao wapiga gitaa wa benga wakairithi. Mwimbaji humtaja mfadhili wake, kijiji cha mfadhili huyo, ukoo alikooa, na ndugu zake waliokwisha kufa. Kwa hiyo si ajabu kumkuta mtu wa Rongo au Ndhiwa anayehifadhi kanda moja kwa miaka thelathini, si kwa sababu ya gitaa tu, ijapokuwa gitaa ni tamu, bali kwa sababu babu yake ametajwa humo na hakutajwa penginepo popote.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Homa Bay alikuwa na kanda ya namna hiyo. Ilirekodiwa kwa redio kaseti mwaka wa 1987, bendi ya kijijini ilipopiga katika matanga ya babake. Upande wa kwanza mwimbaji aliwataja wajane mmoja baada ya mwingine. Upande wa pili akamsifu marehemu mwenyewe. Mbali na kanda hiyo, Mwalimu alikuwa na santuri za kasi ya 45 zipatazo sabini, na kaseti nyingi zaidi. Mnamo 2005 alinunua tarakilishi iliyokwisha kutumika, yenye diski ya gigabaiti 20. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: wimbo uliobanwa katika umbo la MP3 kwa kiwango cha kawaida cha wakati huo huchukua takriban megabaiti moja kwa dakika, ilhali wimbo huohuo usiobanwa huchukua megabaiti kumi. Maktaba yake nzima ingeenea katika diski ile, na nafasi ya barua na mitihani ikabaki.

Alizipeleka kanda katika duka mjini, zikahamishiwa kwenye sidii. Kisha akazitia sidii hizo katika tarakilishi, moja baada ya nyingine, akitumia programu iliyokuja na mashine. Programu hiyo ilihifadhi nyimbo katika umbo lake yenyewe, na katika ukurasa wa mipangilio palikuwa na kisanduku cha kuulinda muziki, ambacho kilikuwa kimekwisha kutiwa alama kabla mwenye mashine hajaufungua ukurasa huo. Nani angekiondoa? Neno kulinda ni neno jema.

Maana ya ulinzi huo ilijulikana mwaka uliofuata. Mnamo Mei 2006 Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu. Alizaliwa upande wa Tanzania, karibu na Shirati, na maisha yake ya muziki yalikuwa Kenya. Msiba wake ukawa wa pande zote mbili za mpaka. Kila aliyekuwa na nyimbo zake aliombwa nakala. Katika pitapita za vibebeo, tarakilishi ya Mwalimu ikaingiwa na virusi. Fundi alinakili mafaili yote pembeni, akaifuta diski, akaipanga upya, akayarudisha mafaili. Yalirudi yakiwa na majina yaleyale na ukubwa uleule. Yalipobofywa, mashine ikadai leseni.

Mpwa wake Mwalimu, aliyekuwa na kiduka cha kupiga chapa na kutengeneza tarakilishi mjini Migori, alipanda matatu hadi Homa Bay akaichunguza.

"Mjomba, nyimbo zote zipo," alisema. "Ufunguo ndio haupo."

"Ufunguo gani? Mimi sikufunga kitu."

"Ilifunga yenyewe. Ufunguo ulikaa ndani ya mashine, si ndani ya wimbo. Diski ilipofutwa ukaenda nao."

Ndivyo ulinzi wa aina hiyo ulivyofanya kazi. Wimbo ulifumbwa kwa namba za siri, na namba za kuufumbua zikahifadhiwa mahali pengine katika mashine ileile. Faili likihamishwa bila leseni yake, lilikuwa kama sanduku lililosafirishwa bila mwenyewe. Shabaha ilikuwa kuzuia wizi wa nyimbo zinazouzwa. Lakini programu haikuweza kutofautisha kati ya sidii iliyonunuliwa dukani na sauti ya matanga ya kijijini. Iliyafunga yote sawasawa, kwa faida ya mtu asiyejulikana.

Sidii nyingi zilikuwapo bado, na kazi ikaanza upya. Ile ya matanga ilikuwa imeazimwa ikarudi na mikwaruzo isiyosomeka. Kaseti yenyewe ilikuwa imevutika. Ilipochezwa tena, upande wa pili ulitoka salama, lakini upande wa kwanza ulitoka kwa vipande. Jina la mamake Mwalimu lilikuwa katika sehemu iliyopotea. Alikuwa amelisikia mara nyingi, na angeweza kulitamka kama mwimbaji alivyolitamka, lakini hilo si sawa na kulisikia.

Hapo ndipo uteuzi halisi ulipoanza. Mpwa alileta sidii yenye programu kadhaa, wakazijaribu kwa siku mbili, umeme ukipotea na kurudi. Ya kwanza ilikuwa Winamp, iliyotolewa mwaka wa 1997 na vijana wa Marekani wa kampuni ya Nullsoft, ambayo AOL iliinunua mwaka wa 1999. Mwalimu alilipenda jina kabla ya kuiona programu. Alisema kwamba hatimaye wazungu wameipa ghuba yetu heshima, wakaongeza herufi moja tu. (Jina hilo halihusiani kabisa na Winam, ni Windows na AMP.) Ilikuwa nyepesi, ikawaka upesi hata katika mashine dhaifu, na iliweza kuvishwa sura mbalimbali, jambo ambalo kijana alilithamini na mzee hakulithamini.

Ya pili ilikuwa VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi nchini Ufaransa na ambayo msimbo wake uliwekwa huru mwaka wa 2001. Sifa yake kuu ni kwamba ilicheza takriban kila kitu, hata faili lililokatika katikati. Kwa upande mwingine, wakati huo ilikuwa hafifu katika kupanga maktaba. iTunes, iliyofikia watumiaji wa Windows mwaka wa 2003, iliachwa mapema: ilikuwa nzito kwa mashine ile, na iliporuhusiwa kupanga maktaba yenyewe, ilihamisha mafaili na kuyapa makabrasha majina kwa kadiri ilivyoona. Mwalimu, aliyepanga rejista za shule kwa miaka mingi, hakutaka kupangiwa. Ya mwisho ilikuwa foobar2000, iliyotungwa mwaka wa 2002 na Peter Pawlowski. Haina urembo wowote. Dirisha lake lafanana na daftari la mhasibu. Lakini ndiyo iliyomkalisha Mwalimu kitini hadi usiku, na sababu ni majina.

Faili la MP3 laweza kubeba ndani yake kibandiko cha maelezo: jina la wimbo, la mwimbaji, la albamu, mwaka na aina ya muziki. Kibandiko cha kwanza kilichoenea, kilichobuniwa mwaka wa 1996, kilikuwa na nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la mwimbaji. Herufi thelathini zamtosha Madonna. Lakini anayeandika "Daniel Owino Misiani and Shirati Jazz Band" hukatwa katikati ya safari, akabaki na "Daniel Owino Misiani and Shira". Aina ya muziki nayo haikuandikwa kwa maneno, bali kwa namba kutoka orodha ya aina 80. Polka imo. Benga haimo. Na kwa kuwa namba sifuri katika orodha hiyo ni Blues, faili ambalo nafasi hiyo iliachwa na sifuri lilijitangaza kuwa Blues. Nyingine, kwa kuwa bendi zilijiita Shirati Jazz na Victoria Jazz, ziliwekwa katika kabila la Jazz na watu waliosoma jina bila kusikiliza. Kule Zimbabwe, wasikilizaji wa santuri za benga walikuwa wamefanya vizuri zaidi bila mashine yoyote: waliuita muziki huo kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo, mtayarishaji na mfanyabiashara ambaye jina lake lilikuwa juu ya santuri.

Vibandiko vya baadaye viliondoa mipaka hiyo, na foobar2000 iliweza kusahihisha mamia ya mafaili kwa pamoja. Hata hivyo mashine haijui kwamba D.O. Misiani, Misiani D.O., Owino Misiani na Shirati Jazz yaweza kuwa mtu na bendi yake. Huwahesabu kuwa wanne. Mjomba na mpwa walibishana jioni nzima kuhusu jina lipi litangulie. Kijana alitaka jina la bendi, kwa kuwa ndilo wateja wa Migori waliulizia. Mzee alisema bendi huvunjika na kuundwa upya, lakini sauti ni ya mtu. Alishinda, yamkini kwa umri wake kuliko kwa hoja, ijapokuwa hoja yenyewe haikuwa mbaya.

Palikuwa na jambo jingine ambalo watengenezaji wa programu hawakulifikiria, nalo ni santuri ya pande mbili. Nyimbo nyingi za benga zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja wa santuri ya 45, hivyo zilikatwa: nusu ya kwanza upande wa A, nusu ya pili upande wa B. Aghalabu mwimbaji husimulia katika nusu ya kwanza, na magitaa huchachamaa katika nusu ya pili. Zikihamishiwa katika tarakilishi huwa mafaili mawili, na kitufe cha kuchanganya nyimbo hakioni ubaya wowote kumpa msikilizaji nusu ya pili leo na ya kwanza kesho. Mwalimu alikiona kitufe hicho kuwa utovu wa adabu. Foobar2000 iliunganisha nusu mbili bila mwanya wa ukimya kati yake, maadam zimepangwa kwa namba; naye akazipanga kwa namba, zote.

Mwishowe nyumba mbili hazikuchagua kitu kimoja. Homa Bay ilibaki na foobar2000, na Migori ikabaki na Winamp kwa sababu wateja walikuwa wameizoea. Walichokubaliana ni kilichokuwa chini ya programu: nyimbo zote katika umbo la MP3 lisilo na kufuli, makabrasha yaliyoandikwa kwa mkono wa mwenyewe, na nakala moja katika kila mji. Yapo yanayoweza kusemwa dhidi ya MP3. Hupunguza sauti kidogo, na hataza zake zilidumu hadi mwaka wa 2017. Lakini halimuulizi mtu leseni sebuleni mwake. AOL ilipotangaza mnamo Novemba 2013 kwamba ingeifunga Winamp, kabla haijauzwa kwa Radionomy mwanzoni mwa 2014, watu waliokuwa wameutegemea mpangilio wa ndani ya programu walihangaika. Kiduka cha Migori kilifungua makabrasha yaleyale kwa VLC siku hiyohiyo, na mteja aliyekuwa akingoja hakujua kuwa kumebadilika kitu.

Kabrasha moja limebaki na jina "Hajulikani". Lina nyimbo za kaseti zisizo na maandishi, na kila mgeni mwenye umri anayefika Homa Bay huwekewa kiti karibu na spika. Mzee mmoja aliyetoka Awendo alisikiliza faili la tano, akaomba lirudishwe nyuma, akamtaja mpiga gitaa, kijiji chake na mwanamke aliyekuwa akiimbwa. Mwalimu aliandika yote katika sehemu ya maelezo, na katika sehemu ya aina ya muziki akaandika Benga. La sita mzee huyo hakulitambua. Alisema labda dada yake angelijua, lakini yuko Muhuru, na barabara ilikuwa mbaya wiki ile.