Dumila Walinisikia Kabla ya Kuniona

Msomaji wangu, kuna vitu viwili ambavyo kijana wa mjini hapaswi kwenda navyo ukweni: njaa na makelele. Njaa niliimaliza Msamvu kwa chipsi mayai. Makelele niliyabeba mwenyewe, chini ya gari.

Gari yenyewe ni Mark II GX110, ile yenye pistoni sita zilizojipanga mstari mmoja. Kwa kuzaliwa ni gari ya kistaarabu, inanguruma kama paka aliyeshiba. Mimi nikaona ustaarabu huo ni wa wazee. Wiki moja kabla ya safari nikaipeleka gereji bubu moja pale Dar (makubwa haya, gereji bubu ndiyo inayouza makelele!). Fundi akakata sailensa ya kiwandani, akachomelea kopo pana ambalo moshi unapita moja kwa moja. Kisha akaniambia, "Braza, na masega tutoe, gari ipumue." Masega akayatoa bure kabisa, akayatumbukiza kwenye kiroba chake. Wema ulioje! Baadaye ndiyo nikajua kuwa ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wapo.

Akapiga resi. Kijiwe kizima kikasimama, washikaji wakanipa tano. Pale uchochoroni, kati ya kuta mbili, mlio ulikuwa mzito, mtamu, kama gari ya mashindano. Nikalipa nikiwa natabasamu.

Jumamosi alfajiri tukaondoka. Mimi dereva, baba mdogo ndiye mshenga, shangazi nyuma na barua ya posa kwenye mkoba. Najua, kwa desturi muoaji haongozani na barua yake, lakini mwenye gari ni mimi, tungefanyaje?

Kufika Chalinze utamu ulishaisha. Ukienda taratibu, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pistoni sita zinapiga ekzosi mara 100 kila sekunde. Nje wanasikia muziki. Ndani unasikia "vuuuu" moja isiyo na kituo, inakaa katikati ya kichwa. Baba mdogo aliacha kuongea. AC ilikuwa mbovu, tukafungua vioo vya nyuma. Shangazi akalalamika kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Tukasema ni jua.

Milima ya Uluguru ikatupokea kwa mkono wa kushoto, tukapinda Msamvu kushika njia ya Dodoma. Ukivuka Mto Wami pale Dakawa, nchi inafunguka: mashamba ya mpunga, Nguru kwa kulia, Ukaguru mbele kwa mbali. Hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Ule mlio uliotikisa uchochoro wa Dar huku ulikuwa unapotea porini, ukabaki wa kwetu peke yetu, humo ndani.

Baada ya Magole na daraja la Mto Mkundi, Dumila hiyo. Kama hupajui, ni kilomita kama 70 kutoka Moro mjini, ndani ya Wilaya ya Kilosa, pale njia ya Kilosa inapochepuka. Nyanya, vitunguu, mahindi, malori ya Kanda ya Ziwa, mabasi. Wauza maembe wa pale wana masikio, wanajua kwa mlio basi lipi litasimama na lipi litapitiliza. Basi walipotusikia wakakimbilia barabarani na mabeseni kichwani… ikatokea saluni ndogo! Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama mmoja hakucheka. Akasema, "Mwanangu, hapa mlio mkubwa ukija ghafla tunaufikiria mto kwanza." Alikuwa anaukumbuka Januari 2014, Mkundi ulipofurika na kuikata barabara hii ya Dodoma.

Nyumbani kwa mzee mimi nikaachwa chini ya mwembe. Maongezi yakachukua saa mbili na nusu. Walipotoka, nyuso zikiwa nzuri, mzee akawasindikiza mpaka kwenye gari. Nikaamkia, nikawasha kwa madaha, nikapiga resi kidogo. Si unajua tena, kujionyesha.

Mzee akainua mkono. "Zima." Nikazima. "Washa tena, usikanyage."

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mzee ameendesha Scania miaka mingi. Akainama upande wa kopo, akasikiliza. "Unasikia ti-ti-ti-ti? Hapo chini. Chuma kikipoa mlio huo unatokea, kikipata moto kinatanuka, unajificha." Akaomba kitambaa, akakilowesha, akaziba mdomo wa ekzosi. Chini ya sakafu pakatoa "tsss", kwenye maungio, pamejaa masizi meusi.

"Nyuma alikaa nani?"

"Mimi," shangazi akajibu.

"Kichwa kilikuuma njiani?"

Kimya. Hata kuku walinyamaza.

Akatueleza kwa upole. Maungio yanavuja, na vioo vya nyuma vikiwa wazi, moshi unavutwa kuingia ndani. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, inalaza mtu na wala hajui kama analala. Kazi ya masega ilikuwa kuipunguza sumu hiyo. Na masega yangu yako kwenye kiroba cha mtu.

"Barua yenu nimeipokea," mzee akamaliza. "Lakini binti yangu hapandi gari hii."

Ndugu yangu we! Nilitamani mwembe uniangukie.

Akaniitia fundi wa malori pale pale Dumila. Gasketi mpya, bolti mbili zilizokuwa hazijakazwa, kulehemu ufa mmoja, na kipande cha bomba chenye matundu ndani ya kopo kupunguza domo. Mzee akajaribu tena na kitambaa. Safari hii injini ikakosa pa kupumulia, ikazima yenyewe. "Hapo sawa," akasema. "Gari inasema, kijana. Wewe ulikuwa unaipigia kelele."

Tulirudi vioo vya mbele wazi, vya nyuma tumefunga. Shangazi alipiga stori kutoka Dakawa mpaka Ubungo, kichwa chepesi. Masega mengine nimeyanunua kwa kujinyima miezi mitatu.

Majibu ya barua yamekuja. Mahari inalipika. Mwisho kabisa, kwa mwandiko wa mzee, kuna sharti moja la ziada: siku ya harusi, bwana harusi aje na kitambaa chake mwenyewe.