Bunduki Moja ya Kazi Nyingi

Wazee wetu walisema, Mchagua jembe si mkulima. Neno hili ni kweli shambani, maana mpenda kazi hulima hata kwa jembe lililochakaa, na mvivu hutafuta kisingizio katika mpini. Lakini twaomba ruhusa ya wasomaji kusema ya kuwa methali hii haifai kwa vyombo vyote. Jembe likikosa, hupiga udongo. Bunduki ikikosa, hakuna ajuaye itampata nani. Kwa hiyo leo twapenda kuandika habari za kuchagua bunduki na kuiweka tayari kwa kazi. Kazi yetu sisi ni chaki na ubao, wala hatujidai kuwa wawindaji. Bali tulishiriki katika kosa moja, na baadaye tukashiriki katika kulitengeneza, na huenda mwingine akafaidika.

Kijiji chetu kimepakana na msitu. Mahindi yakianza kubeba, nyani huja mchana na nguruwe mwitu huja jua likitua. Mjomba wetu ndiye mwenye kibali cha Serikali cha kuwa na bunduki, na kila wenye mamlaka wakitoa ruhusa ya kulinda mashamba, watu humwendea yeye. Miaka minane iliyopita bunduki yake ya kale ilikuwa imekwisha kabisa. Akatujia shuleni, akasema, "Mpwa wangu, wewe umesoma. Nisaidie kuchagua bunduki njema."

Neno lile lilitupendeza mno, tukajiona wenye maarifa. Tulisoma hesabu za nguvu ya risasi kama mwanafunzi asomaye majibu bila kuliangalia swali. Tukamshauri anunue bunduki ndefu, nzito, kilo tano kasoro kidogo, yenye risasi kubwa na darubini ya kukuza mara kumi. Muuzaji alisema yaweza kupiga mnyama aliye mita 500. Sisi tukastaajabu, wala hatukujiuliza ni wapi kijijini kwetu mtu awezapo kuona mita 500. Katika vichaka vyetu mtu haoni hatua arubaini.

Mjomba alikuwa mtu wa miaka sitini. Bunduki ile ilimpiga begani hata bega likawa na alama nyeusi, naye kwa heshima yake hakusema. Alianza kufumba macho kila alipofyatua. Jioni moja nguruwe dume alitokea hatua kumi na tano mbele yake. Mjomba alipotazama katika darubini aliona manyoya tu, hakujua bega li wapi wala tumbo li wapi. Alifyatua, akamjeruhi. Nguruwe yule akapita mbio katikati ya vijana waliokuwa wakipiga madebe, akampasua paja Yohana, mwana wa dada yetu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Yohana alipona, lakini hata leo huchechemea. Hakuna mtu aliyetulaumu sisi, na jambo hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Ndipo tulipoanza kusoma upya, na safari hii tulianza na swali: mtu mmoja, mwenye bunduki moja, kwa kazi za kila namna, ahitaji chombo gani?

Tuliona ya kuwa swali hili ni la zamani. Majeshi ya karne ya 19 yalikuwa na bunduki mbili, ndefu kwa askari wa miguu na fupi kwa wapanda farasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliona ni heri kuwa na moja kwa wote, wakatengeneza Lee-Enfield fupi. Na mwaka 1903 Wamarekani wakafanya vivyo hivyo kwa Springfield yao. Zote mbili ni bunduki za komeo, yaani mpigaji huvuta komeo la chuma kwa mkono, mfano wa komeo la mlango, ganda tupu likaruka nje. Akilisukuma tena, risasi nyingine huingia na mlango hufungwa imara. Chombo hiki ni chepesi kufahamika, na hata leo wengi hukichagua kwa kuwa hakina mengi ya kuharibika.

Babu yetu aliichukua Lee-Enfield akiwa askari wa King's African Rifles huko Burma mwaka 1944. Tungali wadogo alikuwa akitusimulia ya kuwa mwituni adui wa kwanza wa bunduki ni mtambaazi, maana humkamata mtu mtutu. Bunduki ya namna ile ilikuwa na urefu wa mita 1.13 na uzito wa kilo 4 hivi. Mwaka huo huo wa 1944 Waingereza walianza kutengeneza nyingine iliyofupishwa kwa ajili ya vita vya mwituni, ya mita 1 na kilo 3.2. Ilikuwa rahisi kubeba, lakini askari walinung'unika: ilipiga bega kwa ukali, moto wa mdomo wake ulikuwa mkubwa, na wengine walisema haikushika shabaha yake, leo hupiga hapa, kesho pale. Kazi ya kuitengeneza ikaisha mwaka 1947. Hapo tulijifunza jambo la kwanza: ufupi na wepesi haupatikani bure. Bunduki ikipunguzwa uzito bila kupunguzwa nguvu ya risasi, bega ndilo lilipalo deni.

Jambo la pili tulijifunza kwa Mmarekani mmoja, Jeff Cooper, aliyeishi tangu 1920 hata 2006. Alikuwa ofisa wa jeshi, na mwaka 1976 alifungua shule ya kulenga shabaha huko Arizona. Mwaka 1983 aliwakusanya watu wenye ujuzi, mafundi na wapigaji, wazungumze habari za bunduki hiyo ya kazi zote. Wakakubaliana mambo haya: isizidi mita moja kwa urefu, uzito wake uwe kilo 3 hivi, pamoja na darubini na mkanda, darubini iwe ya kukuza kidogo tu, mara mbili au tatu, na risasi iwe ya kawaida, ipatikanayo mahali pengi, nao wakaitaja.308, ambayo kipenyo chake ni milimita 7.82. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda cha Steyr cha Austria kilitengeneza bunduki kwa kufuata fikira hizo, na mwaka 2011 Ruger ya Marekani ikatoa ya kwake.

Lakini lililotugusa sana si vipimo hivyo. Cooper alipoulizwa bunduki hiyo ipige mbali kiasi gani, hakutaja mita. Alisema iweze kumwangusha kwa pigo moja mnyama wa kilo 200, kwa umbali wo wote ambao mpigaji mwenyewe aweza kuiweka risasi mahali pa kuua. Twamwomba msomaji aufikiri usemi huo. Kipimo cha umbali hakikuwekwa katika chuma, kiliwekwa katika mtu. Sisi tulikuwa tumempimia Mjomba kwa mita za muuzaji.

Na mfano wa jambo hili uko karibu nasi, Uganda. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mskoti aitwaye Bell aliwinda tembo katika nchi ya Karamoja. Wenzake walibeba bunduki kubwa mno. Yeye tembo wengi aliwaua kwa risasi nyembamba ya milimita 7, kwa kuwa alijua mwili wa mnyama na alijua mkono wake. Hatumsifu kwa wingi wa tembo aliowaua, tena hatumwambii mtu amwige. Twataja tu ya kuwa risasi ndogo iliyofika mahali pake yapita kubwa iliyopotea.

Basi miaka mitatu iliyopita Mjomba alifuata sheria zote, polisi wakakubali, bunduki ile ndefu ikauzwa kwa mwenye kibali, akapata nyingine. Safari hii tulianza na mwili wake. Kipimo cha kwanza ni kitako. Mtu akikunja kiwiko kwa pembe ya mraba, akaegemeza kitako cha bunduki tupu penye kiwiko, kidole chake cha shahada na kifike kwenye kifyatulio bila kunyoosha wala kujikunja. Kitako kirefu hukwama kwapani, hasa mtu akivaa koti la mvua. Fundi akakikata cha Mjomba sentimita mbili na nusu, akatia mpira mwisho wake ili kupunguza pigo la begani.

Kipimo cha pili ni macho. Mzee hupata taabu kutazama vitu vitatu kwa pamoja: alama ya nyuma, ncha ya mbele, na mnyama. Darubini humwekea vyote mahali pamoja. Cooper alipenda ikae mbele, juu ya mtutu, ili mtu alenge akiwa amefumbua macho yote mawili. Fikira hiyo ni njema mchana, lakini wengi wameona ya kuwa magharibi darubini ya namna hiyo hutia giza mapema, na nguruwe wetu huja magharibi. Kwa hiyo Mjomba alichagua darubini ndogo ya mara mbili na nusu, ikakaa mahali pa kawaida karibu na jicho. Chini yake ilibaki pete ya kulengea na ncha yake, kama akiba siku kioo kikivunjika. Bunduki nzima ikawa kilo tatu na nusu: nzito kidogo kuliko alivyotaka Cooper, lakini bega la Mjomba lilishukuru.

Ikabaki kuirekebisha shabaha. Mstaafu mmoja wa jeshi alikubali kutusaidia, mahali tulipoonyeshwa na polisi, mbele ya kilima cha udongo. Mjomba peke yake ndiye aliyepiga. Sisi tulishika daftari. Kwanza misumari yote ya darubini ilikazwa, kwa maana ikilegea kidogo tu kazi yote ni bure. Kisha bunduki ikalazwa juu ya mfuko wa mchanga, zikapigwa risasi tatu kwenye karatasi mita 25, darubini ikasogezwa; halafu mita 100, ikasogezwa tena, hata zikaangukia pale alipolenga. Tuliandika jina la risasi zile, asinunue za namna nyingine bila kujaribu upya, kwani kila namna huanguka mahali pake.

Ndipo mstaafu yule alipofanya jambo ambalo sisi walimu tungependa kulijua mapema. Aliichukua bunduki, akawapa mgongo, akampa Mjomba tena. Mara nyingine ilikuwa na risasi, mara nyingine ilikuwa na risasi ya uwongo isiyo na baruti. Mjomba alipofyatua ile ya uwongo hakuna kilicholia, lakini mdomo wa bunduki uliinama chini kama mtu aliyeshtuka usingizini, na macho yake yalikuwa yamefumba. Wote tuliona. Mjomba akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tangu siku ile ya Yohana nalikuwa nikipiga kipofu." Hatukuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo alipiga risasi tano tu kwa siku, akapumzika; na nyumbani alizoeza kidole chake kwa bunduki tupu, baada ya kuikagua mara mbili, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine. Baada ya mwezi mmoja macho yalikuwa yakikaa wazi.

Mwisho tukapima umbali wake mwenyewe, amekaa chini bila mfuko wa mchanga, kwa sahani ya bati ya kulia chakula. Kwa mita 80 alipiga mara tano katika tano. Kwa mita 120 alipiga mara mbili tu. Akatwambia tusiandike ile ya pili. Tukaiandika. Alipokwisha kuisoma alirudi shambani, akapima mita 80 tangu kibanda chake cha kulindia, akaviringisha jiwe kubwa hata hapo, akasema, "Kupita jiwe hili, bunduki si yangu."

Mwaka jana nguruwe alisimama ng'ambo ya jiwe lile, ubavu wazi, mwezi ukiwaka. Wenye mashamba wakanong'ona, "Piga, mzee, piga!" Mjomba alimtazama kwa kitambo, kisha akaliinua komeo, akaitoa risasi, akaitia mfukoni. Usiku ule tulipoteza mahindi mistari sita. Usiku wa tatu nguruwe yule alivuka jiwe, na risasi moja ikatosha.

Mtaka yote hukosa yote. Bunduki ya kazi nyingi haipiti zote kwa nguvu, wala kwa wepesi, wala kwa mbali. Ni ile ambayo mwenyewe ajua mwisho wake na mwisho wa nafsi yake. Mvua huosha chokaa ya jiwe lile kila mwaka, na kabla mahindi hayajabeba kijana mmoja huchota ndoo, akachechemea hata pale, akalipaka upya. Kijana huyo ni Yohana.